Enyi Mnaoruka Majaribio!

Sikieni, wana wa Mwanza! Sikieni ninyi mnaoandika programu Nyegezi na Kirumba, ninyi wa chuo cha SAUT mnaoshuka Malimbe jioni na mabegi mgongoni, na wewe uliyejifungia katika chumba cha kupanga pale Usagara, laptopu juu ya ndoo iliyogeuzwa, bando la usiku likikaribia kwisha. Wenye maofisi na viyoyozi nao wasikie, siwakatazi. Lakini nimekuja kwa ajili yenu.

Neno la leo ni hili: jaribio lililorukwa si jaribio lililofaulu. Lisomeni mara mbili.

Najua mtakachonijibu. Mtasema, “Mzee, jaribio lenyewe ni la dibaga, linataka foki, na Windows haina foki. Tungelifanyaje?” Mmesema kweli tupu. Sikuja kuwalaumu kwa kuruka. Pasipo na foki, jaribio la foki halifanyiki, na anayelilazimisha anajitafutia maumivu ya kichwa. Nimekuja kuuliza mambo mengine: mliruka vipi, nani alijua kwamba mmeruka, na nani alilifanya badala yenu?

Asiyejua foki asogee karibu, maana mahubiri haya hayana siri. Programu inapokimbia ndani ya kompyuta tunaiita mchakato. Foki ni ombi ambalo mchakato hulipeleka kwa mfumo wa uendeshaji, na papo hapo mchakato mmoja unakuwa miwili, mzazi na mwana, kila mmoja na nakala ya kumbukumbu ileile, wote wamesimama kwenye mstari uleule wa msimbo. Wanachotofautiana ni jibu: mzazi anapewa namba ya mwana, mwana anapewa sifuri. Sasa, njia panda ya Usagara mnaijua. Basi linatoka stendi ya Nyegezi, linapita Buhongwa, linafika pale. Njia moja inakwenda Misungwi na Shinyanga. Nyingine inakwenda Kigongo, inavuka lile daraja lililofunguliwa Juni 2025, inatokea Busisi na kuendelea Sengerema na Geita. Lione basi hilo likifika njia panda na kugeuka mabasi mawili: dereva yuleyule, abiria walewale, hata kuku walewale kwenye buti, moja limeshika Shinyanga na jingine limeshika Sengerema. Hiyo ndiyo foki. Na dibaga, chombo cha kutafutia makosa ndani ya programu, ni mkaguzi aliyepandia Nyegezi. Niambieni, amebaki katika basi lipi?

Swali hilo si la utani. GDB, dibaga ya siku nyingi ya watu wa C, usipoiambia neno humfuata mzazi na kumwacha mwana aende zake. Na hapo pana mtego wa kweli. Unapoiambia dibaga isimamishe programu kwenye mstari fulani, haikai nje ikapunga mkono. Inaingia ndani ya kumbukumbu, inaondoa baiti ya amri halali na kuweka ya kwake. Kwenye prosesa za ukoo wa Intel ni baiti moja tu, 0xCC. Foki ikitokea, mwana anarithi kumbukumbu pamoja na baiti hiyo ngeni. Mahali ambapo dibaga haina namna ya kumfuata mwana wala kumsafisha, mwana anatembea hadi pale, anaikanyaga, ishara ya mtego inapigwa, hakuna wa kuipokea, anakufa. Programu yako haikuwa na kosa hapo. Chombo ulichokileta kutafuta kosa ndicho kilichoua!

Mnaona sasa kwa nini watengenezaji wa dibaga huandika majaribio ya foki? Si mapambo. Wanataka kujua: mwana akizaliwa, dibaga itamshika? Itamwachia akiwa mzima? Mstari wa amri utabaki kwa nani, kwa mzazi au kwa mwana, au watagombania kibodi moja? Dibaga ya Perl ilibidi ifundishwe kufungua dirisha jingine kwa ajili ya mwana, ili wawili hao wasisomane maneno. Haya ni mambo ya kujaribiwa, na huwezi kuyajaribu bila foki.

Foki ni ya zamani kuliko wengi wenu, na kuliko wazazi wa baadhi yenu. Wazo la kugawanya kazi hivi aliliandika Melvin Conway mwaka 1963. Ken Thompson na wenzake wa Bell Labs walipojenga Unix ya kwanza kwenye mashine ya PDP-7, foki yao nzima, kwa maelezo ya Dennis Ritchie, ilikuwa mistari 27 ya lugha ya mashine. Ishirini na saba! Kwenye daftari la shule ni ukurasa mmoja. Kutoka hapo ikarithiwa na Linux na ukoo wote wa Unix. Windows ikashika njia yake: ukitaka mchakato mpya, utaje faili la programu, nao uanze upya tangu mwanzo, bila kurithi kumbukumbu ya mzazi. Simu za Apple zinaikataza kwa programu za kawaida. WASI, kiolesura cha mfumo kwa programu zilizo ndani ya uzio wa WebAssembly, haina foki. Wapo hata wataalamu, wa Microsoft Research na vyuo vya Boston na Zurich, walioandika mwaka 2019 kwamba foki imezeeka, ina madhara, na ianze kustaafishwa. Hoja zao zina uzito. Lakini hadi leo seva zinazowahudumia watu wetu zinafoki mchana na usiku, na mahubiri yangu yanahusu dunia iliyopo.

Basi turudi kwenye kuruka kwenu.

Wa kwanza ananiambia, “Mimi nimeandika: kama ni Windows, ruka.” Kijana wangu, umeuliza jina ukaacha kuuliza uwezo. Kesho msimbo wako utafika WASI, ambayo si Windows na foki haina. Utafika kwenye Cygwin, ambayo inakaa juu ya Windows na foki inayo, ya kuunga kwa taabu lakini inafanya kazi. Utaanguka mahali pa kuruka, na utaruka mahali pa kusimama.

Wa pili anajiona mjanja zaidi. “Mimi nimeuliza kama os.fork ya Python ipo. Ikiwepo najaribu, isipokuwepo naruka.” Umepiga hatua, nakusifu. Lakini sikia habari ya Android, maana Android iko mfukoni mwako sasa hivi. Python ilipoipokea Android rasmi katika toleo la 3.13, Oktoba 2024, wenye kazi hiyo walikuta os.fork ipo. Ukiuliza jina, linaitika. Hata hivyo katika majaribio yao wakaihesabu Android kati ya majukwaa yasiyo na foki ya kutegemewa, na wakaandika sababu palepale kwenye faili: programu zote za Android zina nyuzi nyingi, kwa hiyo kufoki kutoka Python ni hatari. Kwa nini hatari? Kwa sababu foki humzaa mwana akiwa na uzi mmoja tu, ule ulioita. Nyuzi nyingine za mzazi haziji. Kama mmoja wao alikuwa ameshika kufuli la kumbukumbu wakati huo, mwana anazaliwa kufuli limefungwa na aliyelifunga hayupo, wala hatakuja. Mwana anangoja. Anangoja mpaka umeme ukatike.

Jina lipo, uwezo haupo! Na ni wangapi kwetu tunaowafahamu wa namna hiyo, lakini hayo ni mahubiri ya siku nyingine.

Perl nayo ina funzo lake. Tangu toleo la 5.6 la mwaka 2000, Perl kwenye Windows hukuitikia ukiita foki. Lakini kinachozaliwa si mchakato, ni uzi ndani ya mchakato uleule unaoigiza kuwa mchakato, na hata namba unayorudishiwa ni hasi. Waungwana wa Perl hawakuficha. Katika orodha ya uwezo ambayo Perl hujiandikia inapojengwa, foki ya kweli ina mahali pake na foki ya kuigiza ina mahali pake, ili anayeandika jaribio la dibaga achague anataka ipi. Huo ndio uaminifu ninaouhubiri. Igiza ukitaka, ila useme unaigiza.

Sasa nimfikie wa tatu, na huyu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Wa tatu hataki hata kusema ameruka. Ndani ya jaribio lake ameandika: kama hakuna foki, rudi. Basi. Anarudi kimya. Mnajua kinachotokea? Mwiteni Python aendeshe majaribio, mtazame skrini. Kila jaribio lililofaulu linaweka nukta. Lililorukwa kwa haki linaweka herufi ndogo ya s. Mwishoni pameandikwa OK, na kando yake idadi ya yaliyorukwa. Jaribio la huyu bwana linaweka nukta! Halikujaribu kitu, halikugusa dibaga, halikuzaa mwana, lakini limekaa kwenye mstari wa waliofaulu, nukta kati ya nukta, na hakuna jicho la binadamu litakalolitambua. Huo ni uongo. Ni uongo mfupi, wa maneno mawili matatu ya msimbo, lakini utaaminiwa kila siku na kila atakayekuja baada yako.

Watu wa Python wenyewe hufanya nini? Juu ya jaribio wanabandika alama iitwayo requires_fork. Pasipo na foki ya kweli, jaribio linarukwa na sababu inaandikwa: linahitaji os.fork inayofanya kazi. Tazameni maneno hayo, inayofanya kazi. Hawakuridhika na iliyopo. Mstari mmoja tu juu ya jaribio, na mtu wa Bukoba au Brazili akilisoma anajua kipi hakikujaribiwa na kwa nini.

Mnadhani natia chumvi? Twendeni ziwani, na twende kwa heshima, kwa sababu siwezi kulinganisha roho za watu na mistari ya msimbo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa meli ya kubeba watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwepo, nayo peke yake ilionyesha watu 443. Daraja la tatu, la nauli ya chini, halikuwa na orodha. Hesabu ya serikali ya waliokufa ilifika 894, na hadi leo wapo wanaosema walikuwa zaidi. Makaburi yako pale Igoma. Ninachowaomba mkione ni hiki kimoja: kwa sababu sehemu ya waliokuwemo haikuandikwa popote, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nani alikuwemo na nani hakuwemo. Familia zilikaa bandarini zikiuliza, na karatasi ya kuzijibu haikuwepo. Sisi watu wa ziwa hili tulifundishwa thamani ya orodha kwa gharama ambayo hatutaki kuilipa tena. Na leo programu ndizo zinazoshika orodha zetu: za abiria, za wagonjwa, za watoto wa shule, za fedha za kikundi. Anayeandika programu hizo akizoea kuacha vitu bila kuviandika kwa sababu havionekani, nitaogopa, na nina haki ya kuogopa.

“Lakini mzee, mimi sitengenezi dibaga. Mimi natengeneza mfumo wa vikoba.” Nilikungoja hapo.

Laptopu yako ni Windows. Umeandika mfumo wako kwa Python na Django, umeujaribu chumbani, nukta zimejipanga safi, na majaribio machache yamerukwa kwa sababu hapo hakuna foki. Ni halali kabisa. Kisha unaupeleka kwenye seva. Seva ni Linux, na mbele ya mfumo wako umeiweka Gunicorn, kwa sababu mafunzo yote uliyosoma yamekuambia hivyo. Gunicorn hufanya nini ikiamka? Inafoki! Inazaa wana wake kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, na wana hao ndio wanaohudumia watu. Kwa hiyo kile ulichokiruka chumbani kwa sababu hakipo ndicho kinachofanyika huko kila siku, bila jaribio hata moja kukitangulia.

Nikuonyeshe linavyouma. Umefungua muunganisho na PostgreSQL mapema, programu inapopakiwa, ili kuokoa muda. Kwenye Windows, ukizaa mchakato wa pili, mwana anaanza upya na kujifungulia muunganisho wake. Kosa hili hapo halina hata pa kuzaliwa. Kwenye Linux, ikiwa programu imepakiwa kabla ya foki, wana wote wanarithi soketi ileile moja. Wenye PostgreSQL wameonya katika maelezo yao kwamba matokeo yake hayatabiriki. Mama anayeuza dagaa mwaloni Kirumba anauliza salio lake la kikundi, na wakati huohuo mwanachama mwingine anauliza la kwake. Maswali mawili yameingia bomba moja, majibu yanarudi bomba moja, na wanaoyasoma ni wawili wasiojuana. Siku yenye bahati mfumo unavunjika na kutoa kosa. Siku isiyo na bahati hauvunjiki. Mama anasoma namba isiyo yake, anaiamini, na ugomvi wa kikundi unaanza Jumapili mkutanoni, mhasibu anaitwa mwizi.

Hapo ndipo utaitafuta dibaga. Utataka kumfuata mwana, siyo mzazi, na kumsimamisha pale anapoandika kwenye soketi. Na dibaga uliyonayo, ile uliyoiunganisha kwenye kihariri chako, majaribio yake ya foki yamerukwa kwenye mashine za aina ya yako tangu siku ya kwanza. Itamshika mwana? Itamwua? Hujui, na saa hiyo si saa ya kujifunza.

Sikieni basi mnachotakiwa kufanya, nami nasema kwa ukali kwa sababu nawapenda. Rukeni, ila kwa tangazo, na sababu mkiiandika kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyapinga. “Haifanyi kazi hapa” si sababu. “Linahitaji foki, na jukwaa hili halina” ni sababu, kwa kuwa siku jukwaa hilo likipata foki mtu atakushika kwa maneno yako. Ulizeni uwezo, na mkiweza uthibitisheni: zaeni mwana mmoja, arudi salama, ndipo mseme foki ipo.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: pawepo mahali pamoja, hata mashine moja, ambapo kuruka jaribio la foki kunahesabiwa kuwa kuanguka. Kila mradi! Pale penye Linux, jaribio la foki likirukwa, kazi yote isimame na taa iwe nyekundu. Mtauliza, kama foki ipo, litarukwaje? Litarukwa kwa kidole chako. Andika hasattr(os, "frok"), herufi mbili zimepishana, usiku, usingizi machoni. Python haitalalamika. Itatafuta frok, haitaiona, itaruka. Itaruka kwenye Windows, itaruka kwenye Linux, itaruka kila mahali hadi utakapostaafu, na kila mara itasema OK. Hakuna sharti la kuruka linaloweza kujikagua lenyewe. Linakaguliwa na mahali ambapo hairuhusiwi kuruka.

Msinipe visingizio vya fedha. Windows ya siku hizi ina WSL 2, na ndani yake ni kerneli ya Linux ya kweli, bure. Bando litakuuma siku ya kupakua, halafu basi. Ile kompyuta ya mezani kuukuu ya kijivu inayofuga vumbi kwenye kona ya ofisi itabeba Linux bila shida. Na kama kikundi chenu kina watu watano, karibu kila mara yuko mmoja ambaye tayari anatumia Linux na huwachosha kwa kuisifu. Kwa mara moja, mtumieni.

Nanyi walimu wa vyuo, msipite kando. Mwanafunzi akileta mradi na kusema majaribio yote yamepita, mwulizeni yaliyorukwa ni mangapi kabla ya kuuliza jambo lingine. Asipojua, mrudisheni akahesabu. Akija na hesabu, mwulizeni yaliendeshwa wapi mengine. Mtaona jinsi darasa linavyobadilika baada ya wawili watatu kurudishwa.

Wenye kuajiri, ninyi mnaotaka mfumo ukamilike kabla ya Ijumaa, mnaoona namba ya yaliyorukwa na kuamuru iondolewe kwenye ripoti kwa sababu mteja ataogopa: acheni mteja aogope! Mwambieni kweli, kwamba haya hayakujaribiwa kwenye laptopu kwa sababu hii, yamejaribiwa kwenye seva tarehe hii. Mteja mwenye akili atawaheshimu, na asiye na akili atawasumbua hata mkimficha.

Usiku huu, kabla hujalala, fungua mradi wako. Endesha majaribio yote kwa namna ile ya maelezo marefu, yenye kutaja kila jaribio kwa jina na kila sababu ya kuruka. Lisilo na sababu, liandikie. Linalorudi kimya, livunje leo na uliandike upya. Kisha mpigie mwenzako mwenye Linux, hata kama ni saa nne usiku, mtumie msimbo, na umwambie asikutumie picha ya neno OK. Akutumie mistari yote, tangu wa kwanza hadi wa mwisho.